Rimu za Alumini Tupu

Niliharibu rimu nne kwa dakika zisizozidi kumi, na sehemu kubwa ya dakika hizo nilikuwa najipongeza.

Gari lilikuwa Mark II ya zamani, nyeupe, mali ya kijana anayekuja kila Jumapili jioni pale Sinza ninapoosha magari mwisho wa wiki. Bodi imechoka, bampa la nyuma limeshikwa na waya, lakini rimu ndizo zilikuwa gari lenyewe. Alumini tupu, haina rangi wala vanishi, imesuguliwa kwa polishi mpaka ukichuchumaa mbele yake unaona meno yako. Siku ile buti la shafti lilikuwa limepasuka na grisi imerukia rimu mbili, nyeusi, nzito, imechanganyika na vumbi. Sabuni ya kawaida ilikuwa inateleza juu yake tu. Nikaenda bandani, nikamimina dawa ya kuoshea injini kwenye chupa ya kupulizia, nikapulizia rimu zote nne, maana kwa nini mbili zing'ae na mbili zibaki?

Zikaanza kutoa mapovu. Madogo, meupe, yanachemka taratibu kama soda iliyomiminwa sasa hivi. Nikasema moyoni, hii dawa inafanya kazi. Simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa tasnifu yangu na maneno yake kuhusu sura ya tatu, nikasogea kivulini kumsikiliza. Niliporudi na mpira wa maji na kusuuza, grisi ilikuwa imetoka yote. Chini yake rimu zilikuwa na rangi ya majivu, zimefubaa, zina mabaka meusi kama sufuria iliyochemshiwa maharage kwa magadi.

Hapa sina budi kusema ninachosoma. Nasoma shahada ya uzamili, kemia. Mapovu yale yalikuwa haidrojeni. Dawa ya injini pale kwetu ina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, na kostiki ikikutana na alumini tupu inaila huku ikitoa gesi hiyo. Wiki tatu kabla nilikuwa nimesimama maabara nimevaa koti jeupe, nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kipande cha alumini ndani ya bika, nawauliza wanaona nini. Mapovu, walisema. Nikawaambia waandike.

Kuna mzee pale tunamwita Fundi. Ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii na aliishia darasa la saba. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeshika brashi, nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza, “Rimu gani hiyo?”

“Ya Subaru.”

“Sijauliza gari, mwanangu. Nauliza imevaa nini.”

Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Kumbe lilikuwa swali, na ndilo swali lake kwa kila gari. Watu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tunaangalia uchafu kwanza: ukiwa mwingi unatafuta dawa kali. Fundi haangalii uchafu. Anachuchumaa, anapitisha ukucha wa dole gumba pembeni ya rimu, karibu na pale unapojazia upepo, na anasikiliza. Akiwa na shaka anachukua kitambaa cheupe chenye tone la polishi ya alumini na kusugua sehemu iliyojificha nyuma ya spoku. Kitambaa kikitoka cheusi, alumini iko tupu. Kikitoka kisafi, juu kuna vanishi na wewe unaosha vanishi, si chuma.

Na rimu nyingi tunazopokea ni hizo za vanishi. Zimepigwa rangi kiwandani, juu yake ikawekwa klia kama ile ya bodi. Kwa Fundi hizo ni bodi ya gari iliyokunjwa ikawa duara: shampuu ya gari isiyouma, maji mengi, brashi laini, mswaki kwenye pembe, basi. Zipo zilizochongwa usoni kwa mashine kisha zikavishwa klia, zinang'aa kwa mistari myembamba kama sahani ya santuri. Hizo zikigonga ukingo wa barabara mara moja, klia inapasuka, unyevu unaingia, na baada ya miezi unaona vijistari vyeupe vinatambaa chini ya vanishi kama minyoo. Wateja hutuomba tuviondoe. Haviondoki kwa kuosha, na ukiweka dawa kali unaisaidia minyoo kutembea.

Kromu ina hadithi yake. Inang'aa kuliko alumini, mng'ao wenye ubluu kidogo, na mtu anaiona ngumu. Lakini kromu yenyewe ni utando mwembamba sana uliokaa juu ya nikeli. Nimeona watu wanaisugua kwa dawa ya kuoshea choo, yenye asidi ya haidrokloriki, na kweli siku hiyo inatakata. Asidi inapenya kwenye vitundu ambavyo macho hayavioni, na baadaye kromu inaanza kuvuka kama ngozi iliyoungua jua. Rimu za chuma za kawaida, zile zenye makava ya plastiki kwenye IST na Vitz, hazina makuu: sabuni, ila usizipige stiliwaya, maana ukishachuna rangi yake umeialika kutu, na Dar upepo wenyewe una chumvi.

Nyeusi zisizong'aa ndizo zinazonichosha. Vijana wanazipenda siku hizi. Usiweke polishi, usiweke nta, usisugue kwa nguvu, la sivyo mteja anaondoka na rimu yenye madoa yanayong'aa kama paji la uso mwezi wa Januari.

Kitu kingine alichonifundisha mapema: usiguse rimu ya moto. Gari likitoka Morogoro, breki zimefanya kazi, rimu ukiiwekea dawa inakauka kabla haijafanya lolote, maji yanaruka na ukali unabaki. Lipumzishe. Mpe mteja kiti.

Haya yote nilikuwa nimeshayasikia siku ya ile Mark II. Nilikuwa nayasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kama kemia ingeulizwa, jibu lake lingekuwa fupi. Alumini ikikutana na hewa hujivika oksaidi, utando mwembamba sana unaoilinda. Utando huo una tabia ya pekee: huyeyuka kwenye asidi na huyeyuka kwenye alkali pia. Unatulia katikati tu, kwenye pH ya 4 mpaka 8 na kidogo hivi. Mama yangu hajui pH lakini hapiki mlenda wa magadi kwenye sufuria yake nzuri.

Bosi alikuja mwenye rimu akiwa tayari ameshika kichwa. Bosi ana umri wa kaka yangu mkubwa. Aliziangalia rimu, kisha bila kugeuka upande wangu akamwambia Fundi, “Mzee, hizi umeziosha na nini?”

Fundi alikuwa ameshika ndoo. Akanitazama. Sikumbuki alinitazama kwa muda gani. Nakumbuka kwamba muda ulitosha. Kisha akasema, “Dawa ilikosewa.”

Hakusema nani aliikosea. Na mimi sikusema.

Mtu wa kusugua alumini alitaka shilingi 60,000 kwa rimu, jumla 240,000. Bosi akaamua zikatwe kwa Fundi, 30,000 kila wiki, wiki nane. Kijana wa Mark II aliondoka akiwa mpole kuliko nilivyostahili. Nikapanda daladala kurudi chuoni, nikasimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Wiki ya kwanza nilijiambia nitasema nikipata nafasi. Wiki ya pili nafasi zilikuwepo tatu, nilizihesabu. Ada ya muhula ilikuwa haijaisha na kazi ile ndiyo iliyokuwa inailipa, hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Jumapili ya pili jioni, tukikunja mipira, nikamwomba Fundi msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

“Wewe angekufukuza,” akasema. “Mimi nani atamwoshea?” Akaendelea kukunja mpira. Halafu akasema, “Kukosea dawa sijali. Uliona mapovu ukaondoka.”

Wiki ya tatu nikaenda kwa Bosi. Nikamweleza kila kitu: dumu gani, kwa nini, mapovu, simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. “Msomi,” akasema, ndivyo wanavyoniita pale, “acha huruma. Wewe ni mtu wa kemia, utafanyaje kosa la hivyo? Mzee amekutuma?” Nikarudia. Akanipigapiga begani na kurudi kwenye hesabu zake. Makato yakaendelea kwa Fundi kama yalivyopangwa. Kuanzia siku hiyo nilimkabidhi Fundi 30,000 kila Jumapili, na za wiki mbili za nyuma nikazilipa kidogokidogo. Hakukataa wala hakushukuru. Alizihesabu.

Nilianza kubeba karatasi za pH kutoka maabara. Madumu yetu hayana lebo. Yaliwahi kuwa ya mafuta ya kupikia, muuzaji anakuja na pikipiki anajaza, anasema hii ya injini, hii ya rimu, hii ya kioo. Fundi alikuwa na alama zake: uzi mwekundu kwenye mshikio maana yake kinauma. Vyekundu vilikuwa viwili. Cha injini kikasoma 13. Cha pili, dawa ya rimu, kikasoma 2. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Nilijisikia nimelipa kitu.

Ila karatasi ya pH inakuambia ni asidi, haikuambii asidi gani. Na kwenye dawa za rimu lipo jina moja linalonitisha: floridi. Baadhi ya dawa zinazong'arisha alumini haraka zina asidi ya haidrofloriki au chumvi zinazoizalisha. Ikigusa ngozi, hasa ikiwa imezimuliwa, unaweza usisikie maumivu kwa saa kadhaa. Inapita ndani, inaifuata kalsiamu ya mwili mpaka kwenye mfupa. Kuiosha kwa maji peke yake hakutoshi; hospitali hutumia jeli ya kalsiamu glukoneti.

Nikavitazama vidole vya Fundi. Vimepasuka kwenye viungo, ukucha wa dole gumba la kulia ni wa njano, mnene. Nilikuwa nimeviona miezi yote ile nikadhani ni vidole vya mtu mzima aliyefanya kazi.

Haidrofloriki ina udhaifu mmoja unaomfaa mtu asiye na vifaa: inakula kioo. Niliokota kipande cha kioo cha dirisha, nikavaa glavu, nikadondosha matone matatu ya dawa ya rimu na tone moja la maji kwa kulinganisha, nikakiacha juu ya paa la banda usiku kucha. Asubuhi nikakiosha. Pale palipokuwa na maji, kioo. Pale pengine pana duara tatu za ukungu ambazo hazifutiki.

Nikampelekea Bosi. Alikinyanyua kwenye mwanga, akapitisha kidole, akauliza maswali mawili na kusema dumu lile liondoke leo hii. Hakubisha. Aliniamini papo hapo, kwa sababu ni mtu wa kemia. Nililibeba kwa mtaalamu wa maabara, tukaitia chokaa taratibu chini ya kivuta hewa mpaka ikatulia chini kama unga mweupe.

Sasa kwa vumbi la breki lililong'ang'ania tuna chupa moja ndogo, ya bei, ambayo Fundi anaigawa kama mafuta ya nazi ya harusi. Vumbi hilo ni chuma kilichosagika kwenye breki, kinaruka kikiwa cha moto na kujichoma kwenye vanishi. Dawa hii pH yake iko karibu na katikati, haitafuti ngozi ya rimu, inatafuta chuma. Ikikipata inageuka zambarau na kutiririka kama juisi ya rozela. Mara ya kwanza ilipopulizwa Fundi alikunja pua: “Mbona kunanuka saluni?” Nilicheka, kwa sababu yuko sahihi. Ni jamii moja na dawa ya kalikiti, ile ambayo shangazi zetu walikalia nayo kwenye viti vya plastiki mchana mzima.

Nilimletea glavu za nitrile, boksi zima. Ya kushoto aliivaa bila maneno. Ya kulia akaigeuzageuza, akaomba mkasi, akakata ncha ya dole gumba.

“Hapo ndipo dawa inapoingia, Fundi,” nikamwambia.

“Hapo ndipo ninapojua,” akasema.

Tukabishana. Tumekubaliana kwamba atagusa kwanza rimu ikiwa kavu, kisha atavaa nzima kabla ya kufungua dumu lolote. Siku nyingine anasahau na mimi namkumbusha. Siku nyingine nadhani hajasahau. Jumapili iliyopita iliingia Crown nyeusi yenye rimu ambazo sikuzielewa, za rangi ya risasi, na zinang'aa kwa namna yake. Fundi alikuwa amekaa na chai yake. Akanipa ishara ya kichwa. Nikachuchumaa, nikatoa kitambaa cheupe, nikasugua nyuma ya spoku, nikakigeuza.

“Kimetokaje?” akauliza kutoka pale alipokaa.