Mto Uliopanda

Mto hushuka. Mtoto aliyezaliwa kando ya Lualaba alijua neno hilo kabla ya kujua kusoma: mtumbwi ukiachwa bila kufungwa, hutafutwa upande wa chini, si upande wa juu. Lakini katika nchi ya Marekani uko mto mmoja ambao, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2018, ulipanda. Jina lake ni Neuse. Maji yake yalirudi nyuma, yakainuka karibu mita 3, na mashua zilizofungwa kando yake zikaonekana asubuhi katika viwanja vya watu.

Mahali penyewe ni mji wa New Bern, katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1710 walifika huko watu waliotoka Uswisi na Ujerumani, wakaupa mji wao jina la Bern ya Uswisi. Alama ya Bern ni dubu, na kwa hiyo New Bern nao una sanamu nyingi za dubu barabarani. Hapo mto Trent huingia katika Neuse. Kutoka hapo Neuse huzidi kupanuka, hata mdomoni mwake upana ni karibu kilomita 10. Tena hauingii baharini moja kwa moja. Huingia katika ghuba kubwa iitwayo Pamlico, ambayo maji yake hayana kina kirefu, na mbele ya ghuba hiyo viko visiwa vyembamba vya mchanga, ndipo bahari. Kumbukeni ghuba hiyo, maana yaliyotokea yalitoka huko.

Watu wa huko hupenda vyombo. Kando ya mito ziko bandari ndogo nyingi, na mwenye mashua hulipa kodi, naye hupewa nafasi yake kati ya nguzo, kama vile mtu wa mjini akodivyo chumba. Wengine huja siku za mapumziko tu, watweke tanga na kupunga upepo. Wengine hukaa humo mwaka mzima. Ndani ya chombo mna kitanda, jiko, nguo, vitabu na picha za wazazi. Mtu wa namna hii akiambiwa, "Acha mashua, ukaiponye roho yako," ni sawa na kuambiwa aiache nyumba yake pamoja na vyote vilivyomo. Basi msimcheke akisitasita.

Tufani yenyewe iliitwa Florence. Mwanzo wake ulikuwa Afrika. Mwisho wa mwezi wa Agosti mawingu ya dhoruba yalitoka pwani ya Afrika ya magharibi, yakafika karibu na visiwa vya Cape Verde, yakaanza kuzunguka juu ya bahari. Bahari yenye joto ndiyo chakula cha tufani, ikishiba, hukua. Karibu sana na ikweta upepo haupati kuzunguka hivyo, ndiyo maana tufani za namna hii hazizaliwi katika Kongo. Florence ilivuka bahari yote ya Atlantiki kwa muda wa majuma mawili, na wataalamu waliitazama kwa vyombo vilivyo angani, wakatoa habari kila siku. Kwa hiyo hakuna mtu wa New Bern aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Mwenye chombo hufanya nini akipata habari kama hiyo? Wavuvi wa ziwa Tanganyika huuvuta mtumbwi mchangani, na kazi imekwisha. Mashua ya mita 12, yenye mlingoti na uzito wa magari kadhaa, haivutwi kwa mikono. Wenye fedha, tena wenye kuwahi, huita mashine ya kuinulia, chombo kikawekwa nchi kavu juu ya miti na kufungwa. Lakini mashine ni chache na mashua ni nyingi. Wengine hukimbilia vijito vyembamba vya juu, mahali penye miti pande zote mbili, wakatia nanga mbili au tatu na kufunga kamba kwenye miti. Waliobaki hufunga palepale bandarini.

Na kufunga huko si kazi ya kitoto. Kwanza matanga yote huvuliwa na kufichwa ndani, maana tanga likifunguka katika tufani huuburuta mlingoti na chombo chote. Kila kitu kinachoweza kushikwa na upepo huondolewa. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, huwa mara tisa. Kisha kamba. Mtu asiyejua hukaza kamba fupi, akidhani ndiyo imara. Maji yakipanda, kamba fupi huuzuia ubavu wa chombo usipande pamoja nayo, na chombo huzama huku kimefungwa, au kamba hung'oa chuma kilichoishika. Mwenye kujua hutumia kamba ndefu, nyingi, zinazovuka huku na huku kama utando wa buibui, ili chombo kipate kupanda na kushuka katikati bila kugusa nguzo. Mahali kamba inapopita juu ya ukingo, huvikwa kipande cha mpira au matambara yaliyokazwa. Jambo hili ni dogo, lakini kamba nyingi hazikatwi na upepo: hukatwa na kusuguliwa usiku kucha mahali pamoja.

Wakati huo amri imekwisha kutolewa kwamba watu wahame. Hapo ndipo penye shida. Mwenye chombo amesimama gatini, kamba zake zote zimefungwa, gari linamngoja. Naye husema moyoni: nikikaa humu ndani, maji yakipanda nitazilegeza kamba; kamba moja ikikatika nitaweka nyingine; nikiondoka, nani atafanya hayo? Maneno hayo si ya kipumbavu. Katika upepo wa kawaida, yeye mwenyewe ndiye ulinzi bora wa mashua yake. Lakini katika tufani, usiku, mtu hawezi hata kusimama juu ya sitaha. Mvua humpiga usoni hata asifumbue macho. Kamba iliyokazwa na uzito wa chombo haifunguliwi kwa vidole. Vidole ndivyo vitakavyobaki. Tena mashua yake ikishinda, ya jirani huenda ikashindwa, ikaja juu yake. Kwa sababu hiyo mabaharia wenye uzoefu husema neno moja wote: funga vema, kisha uende zako.

Florence ilifika pwani asubuhi ya tarehe 14 karibu na Wrightsville Beach, zaidi ya kilomita 100 kutoka New Bern. Upepo wake ulikuwa wa kilomita 150 kwa saa. Baharini ulikuwa umefika 240, na wengine waliposikia kwamba umepungua, walitulia. Walikosea, maana upepo ulipungua lakini maji hayakupungua. Katika sehemu ile ya dunia tufani huzunguka kinyume cha mishale ya saa; na kwa kuwa katikati yake palikuwa upande wa kusini, New Bern ulipata upepo unaotoka upande wa bahari. Upepo huo uliyasukuma maji ya ghuba ya Pamlico mpaka katika mdomo wa Neuse. Mto ule ni mpana chini na mwembamba juu, kama pembe ya ng'ombe. Maji yakiingia kwa wingi upande mpana, upande mwembamba hayana pa kwenda ila juu. Tena Florence haikuwa na haraka. Ilitembea kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, ikisukuma saa baada ya saa.

Bandari nyingine zina magati yanayoelea, yaliyoshikwa kwa pete kwenye nguzo ndefu. Maji yakipanda, gati hupanda pamoja na mashua, na hili ni jambo jema. Ila nguzo ina kichwa. Maji yakikipita kichwa hicho, pete huchomoka, na gati zima huondoka likivuta mashua zote zilizofungwa juu yake. Hapo kamba nzuri haimsaidii mtu tena.

Usiku ule watu wapatao 150 walikuwa juu ya nyumba zao au katika orofa, wakingoja msaada. Wakuu wa mji waliwapelekea habari wapande juu zaidi, kwamba waokoaji wako njiani. Na ni nani waliokuja? Walikuja askari na wazima moto, pia watu wa kujitolea, wengine kutoka majimbo ya mbali, wakiwa na mashua ndogo za chini bapa, zile ambazo wenye vyombo vikubwa huwa hawazitazami mara mbili. Mamia ya watu waliokolewa.

Maji yalipotoka, nyumba zaidi ya 4,000 zilikuwa zimeharibika. Dubu mmoja wa sanamu alikutwa katikati ya barabara, ameelea mpaka pale. Mashua yenye urefu wa mita 12 ilikuwa imelala ubavu uani kwa mtu. Nyingine zilipandana kama kuni, na nyingine zilionyesha mlingoti tu juu ya maji.

Wenye vyombo walirudi. Kazi ya kuinua mashua, kulipana na kujua ipi ni ya nani iliwachukua muda mrefu. Na mwenye chombo aliyeyaona hayo, akitafuta nafasi katika bandari nyingine, haulizi kodi kwanza. Huinua macho, akapima urefu wa nguzo.