Parokia Ambayo Barabara Yake ni Ziwa



Wapendwa waamini, padre mmoja niliyesoma naye seminari kuu, ambaye sasa ni paroko mjini, aliniuliza kwa simu juma lililopita kama bado nipo “kule kisiwani”. Nilicheka, kwa maana ziwa letu la Tanganyika halina visiwa vingi kama Victoria, na parokia yetu haimo hata katika kimoja. Wenye haki ya kuitwa watu wa kisiwani ni ndugu zetu wa Ukerewe. Hata hivyo baada ya kukata simu nilitoka nje, nikatazama milima nyuma ya nyumba na maji mbele yake, nikaona kwamba mwenzangu hakukosea sana. Masika yakikata barabara, mgonjwa, mwalimu, mifuko ya saruji na hostia za Misa vyote vinapita majini. Anayezungukwa na maji pande zote na anayezungukwa na maji upande mmoja na milima pande tatu wanamwomba Mungu jambo lile lile: upepo utulie.

Wamisionari wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, waliondoka Bagamoyo Juni 1878 na kufika Ujiji Januari 1879. Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi lililopangiwa Tanganyika, alifia njiani. Walioingia Ujiji walikuta mji wa biashara, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa wanadamu. Hawakukaa sana. Walipanda vyombo wakaenda Rumonge, ambako Mei 1881 watatu kati yao waliuawa, kisha wengine wakavuka kwenda ng'ambo ya magharibi, na mwaka 1885 wakakabidhiwa Karema, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Ukitaka kuchora ramani ya imani yetu kwa miaka ile, usichore njia za nchi kavu. Chora mistari ya mitumbwi. Vituo vilikuwa nukta ndogo ukingoni mwa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, na habari za kifo cha ndugu zilifika na upepo, au hazikufika mapema.

Mimi nilikwenda Karema miaka michache iliyopita, hasa kwa ajili ya kaburi la Adrian Atiman. Vijana wetu wengi hawamjui, na nawalaumu kidogo makatekista wetu, nikianza na mimi mwenyewe ninayewafundisha. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, na akatibu watu na kufundisha dini pale pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Mhashamu Charbonnier aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1887, na mwaka uliofuata akazikwa Karema. Maaskofu walikuja na kufa, mapadre walihamishwa, na yule mlei alibaki. Nilisimama pale kaburini nikahesabu miaka ambayo mimi nimekaa katika parokia hii, nikaona haya kusema kwamba nimechoka.

Jambo jingine nililolikuta Karema ni habari ya ziwa lenyewe. Wabelgiji walipojenga ngome yao, maji yalikuwa karibu. Wakati ule ule Mto Lukuga, ulio ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umefunguka baada ya kuzibwa, ziwa likaanza kushuka, na ngome ikaachwa mbali na ufuko. Sisi tumeona kinyume chake. Tangu mwaka 2020 maji yalipanda, yakaingia mpaka bandarini Kigoma, na katika kigango chetu kimoja yalichukua nyumba za wavuvi, mwembe uliokuwa na kivuli cha mafundisho, na safu moja ya makaburi ya zamani. Wazee walihamisha mifupa waliyoweza kuihamisha. Kwa mengine tulisali tu tukiwa tumesimama ndani ya maji hadi magotini.

Mgeni akiuliza kalenda ya parokia hii inakwendaje, nitamwambia aangalie mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua. Mbalamwezi ikiangaza, taa hazina kazi na wavuvi hulala nyumbani. Basi harusi, semina, mikutano ya Halmashauri ya Walei na maungamo ya wanaume huangukia majuma ya mbalamwezi. Katika giza kanisa ni la akina mama na watoto, na Misa ya asubuhi husindikizwa na harufu ya dagaa wanaoanikwa. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, bahasha za zaka zilirudi tupu, na sikuwa na neno la kumlaumu mtu. Wengi walikubali sababu yake, kwa kuwa wao wenyewe walikwisha kuona migebuka ikipungua. Lakini kukubali sababu hakupiki ugali. Uvuvi ulipofunguliwa, siku zile zile za Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria, nilisikia vigelegele ufukweni ambavyo sikuwahi kuvisikia hata Pasaka.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kipupwe kilichopita, wakati upepo wa kusi unapovuma siku nyingi mfululizo, katekista wa kigango chetu cha mbali alipanda mlimani mahali simu inaposhika, akanipigia saa kumi na moja jioni. Mama mmoja mzee, mwana WAWATA tangu nilipokuwa sijapadrishwa, alikuwa amezidiwa na aliomba Mpako wa Wagonjwa. Nilimwita nahodha wetu, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kunidai nauli ya safari ya mgonjwa. Alitazama maji kwa muda mrefu. “Baba Padre,” akasema, “sasa hivi ni pabaya. Usiku wa manane huenda pakatulia. Ukitaka twende, mimi naenda.” Nikamwambia tungoje asubuhi.

Mama yule alifariki kabla ya mapambazuko. Tulipofika saa tatu, sanda ilikuwa imekwisha kununuliwa. Ziwa lilikuwa limetulia tangu saa nane usiku, nahodha aliniambia hivyo bila kuniangalia.

Ndugu zangu mapadre wameniambia kwamba nilitumia busara, na kwamba paroko aliyezama hampaki mtu mafuta. Ni kweli, na ziwa hili limekwisha kuchukua watu wengi ambao nimewazika na wengine ambao sikupata hata mwili wa kuzika. Lakini mimi ndiye niliyekuwapo nilipotoa jibu lile, na najua kwamba sikupima mawimbi peke yake. Nilikuwa nimetoka safarini mchana ule. Nilitaka kulala. Hilo nimelipeleka kwenye kitubio, nanyi nawaambia kwa sababu wengi mlinipa pole kana kwamba nilikuwa nimezuiwa.

Katekista aliniambia kwamba yeye na Jumuiya walisali Rozari naye mpaka mwisho, na kwamba mama aliuliza mara mbili kama injini imesikika. Binti yake huniamkia vizuri, lakini tangu siku ile hajaja kukaa barazani kama alivyozoea. Sijamwomba aje. Juma lililopita alinitumia ujumbe kupitia kwa katekista, kwamba familia inaomba Misa ya kumwombea marehemu hapo kigangoni, Jumamosi hii.

Kwa hiyo Misa ya Jumamosi hapa parokiani haitakuwapo. Wazee wa kanisa wataongoza sala. Nahodha amesema tuondoke saa kumi alfajiri, maji yakiwa bado yamelala. Nimemwambia nitalala kwake ufukweni usiku huo, asije akapata kazi ya kuniamsha.