Mlima wa ng'ambo

Leo naongelea picha za Wajapani. Vumilieni kidogo, mtaona zinavyotuhusu sisi wa Uvira na Fizi tunaoishi hapa Buja.

Kuna mzee wa Japani aliitwa Hokusai. Akiwa na miaka sabini hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1830, alitoa picha za mlima Fuji. Mfululizo uliitwa wa picha 36, watu wakazipenda, akaongeza 10, zikawa 46. Zilichapwa kwa mbao: yeye anachora kwenye karatasi, fundi anaibandika juu ya ubao na kuchonga, mchapaji anapaka rangi, na kila rangi ina ubao wake. Ndiyo maana zilitoka nyingi na kwa bei ndogo, mtu wa kawaida akaweza kununua. Ile ya wimbi kubwa mmeshaiona kwenye tisheti na makava ya simu. Iangalieni tena, chini ya wimbi. Kale kamlima keupe ndiyo Fuji. Watu wako kwenye mitumbwi, wimbi linataka kuwameza, na mlima umetulia kule nyuma.

Fuji ni mlima mtakatifu, watu wanaupanda kuomba. Lakini Hokusai karibu kila mara anakuonyesha ukiwa mbali. Fundi wa mapipa anafanya kazi yake, na mlima unaonekana ndani ya duara la pipa, kadogo kabisa. Fundi hauangalii hata. Upo tu.

Sasa njoo hapa kwetu. Mvua ikishakatika, ukisimama ufuoni Buja ukatazama magharibi, milima ya Uvira iko pale pale, unaweza kuhesabu mabonde. Usiku unaona taa za mji. Kiangazi, vumbi na moshi vikijaa, milima inapotea wiki nzima sawa vile haijawahi kuwepo. Bibi yangu anaijua hiyo kalenda kuliko mtu yeyote. Babu amezikwa kule juu, na kule juu ndiko bibi na wamama wenzake walikuwa wanapanda kufunga na kuomba. Siku mlima ukiwa wazi anasema: "Leo banatuona." Hasemi "tunawaona." Halafu anageuza kiti, anaomba akiwa ameelekea ng'ambo.

Na msidhani anausifu tu. Aprili 2020 maji yalishuka kutoka milima hiyo hiyo, mto Mulongwe ukafurika, ukabeba nyumba na watu. Fuji nao ulilipuka mwaka 1707, majivu yakaanguka mpaka mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Mahali patakatifu si lazima pawe papole.

Kitu kilichonigusa zaidi ni hiki. Watu wengi wa Edo hawakuweza kufika Fuji. Wazee, wagonjwa, wasio na pesa ya safari. Wanawake walikatazwa kufika kileleni mpaka mwaka 1872. Basi wakafanya nini? Wakajenga Fuji ndogo ndani ya mji! Kilima cha udongo, mawe ya volkano yaliyobebwa kutoka mlima wenyewe, na kanjia ka kuzunguka mpaka juu. Unapanda dakika chache, unaomba, unashuka. Mtaa wa Meguro ulikuwa navyo viwili, cha mwaka 1812 na cha 1819, na mchoraji mwingine, Hiroshige, alivichora vyote mwaka 1857. Kwenye picha watu wako juu ya kilima cha kujengwa, na kule mbali mlima wa kweli unaonekana. Hakuna anayejidanganya kwamba kilima ndio mlima. Wanajua. Wanapanda hivyo hivyo.

Nilimweleza bibi habari ya wale wanawake wa Edo. Akacheka, akauliza kama walikuwa wanavua viatu.

Sasa niseme na ninyi mnaofanya kazi na sisi, bila ugomvi. Kwenye warsha moja tuliambiwa tuchore "kule mlikotoka." Wenzangu walichora moto, bunduki, watu wanavuka Rusizi na magodoro kichwani. Ni kweli, yametokea, na Februari 2025 tumepokea wengine wengi waliovuka hivyo. Mimi nilichora mlima. Nikaulizwa kwa upole: "Na vita iko wapi?"

Jibu langu nimelipata kwa Hiroshige. Mwaka 1855 tetemeko lilipiga Edo, mji ukaanguka na kuungua. Mwaka uliofuata akaanza mfululizo wake mkubwa wa picha za mji huo. Alichora madaraja, malango ya mahekalu, maua, theluji. Mnara wa hekalu la Asakusa, ambao ncha yake ilipindishwa na tetemeko, aliuchora umenyooka. Waliozinunua ndio waliokuwa wamezika watu wao. Walikuwa wanajua kilichotokea, hawakuhitaji kuonyeshwa.

Ule mchoro wangu sasa uko ukutani kwa bibi, kwa ajili ya kiangazi. Ameagiza niongeze njia ya kupanda, ianzie upande wa kulia, ipite penye mwembe.

Jumamosi, kama mvua itakuwa imekatika, twende kule juu alikozikwa Mwanamfalme Rwagasore. Pale unaona mji wote, ziwa, na ng'ambo. Mje na karatasi na biki ya bluu. Wa Fizi na Baraka pia mje, hata kama kwenu hakuonekani kutoka pale. Mtachora kwa kichwa.