Nani Atalitengeneza Januari?

Ukitangaza kwamba unatafuta trekta, kila mtu anageuka mtaalamu. Dereva wa bodaboda atakushauri, mpwa wako wa kidato cha pili atakushauri, na wote wataanza na swali moja: lina hosipawa ngapi? Kwetu swali hilo lilitawala kikao kizima cha familia. Ndipo mama akauliza lake. Yeye ndiye anayekaa na lile shamba siku zote sisi wengine tukiwa Dar es Salaam. "Na likiharibika Januari, nani atalitengeneza?"

Shamba liko wilayani Kongwa, si mbali na Kibaigwa. Anayeijua Dodoma anaelewa kwa nini alitaja Januari. Mvua ni ya msimu mmoja: inaanza Desemba, inakwenda mpaka Aprili, na mara nyingi Februari inakatika bila kuaga, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanataka kuchanua. Ardhi ikiwa kavu, plau linaiparuza tu. Ikishiba maji, matairi yanazama. Kati ya hapo ndipo unapolima, na muda huo haumsubiri mtu aliyetumwa Kariakoo kutafuta pampu ya haidroliki. Trekta likifa Agosti ni usumbufu. Likifa Januari, mwaka umekwenda.

Na si kwamba Kongwa hatujawahi kuonyeshwa. Kila aliyekulia kule amesimuliwa habari za Waingereza na karanga zao. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa hapa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta na buldoza zilinunuliwa popote zilipopatikana, nyingi zikiwa masalia ya jeshi, nyingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichopungua ni spea, mafundi, na bandari na reli za kuvifikisha vitu kwa wakati. Mizizi ikavunja majembe, udongo nao ukayasaga. Mpango ukazikwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Tunacheka sana tukisimulia, lakini sijui kama tunajifunza. Kaka yangu, aliyesimuliwa hadithi hiyo sawa na mimi, alikuja kikaoni na picha kwenye simu: trekta jipya, hosipawa tisini, linavuta magurudumu yote manne, kebini ina kiyoyozi.

Sina ubaya na trekta hilo. Mwenye ekari mia tano kule Kiteto atalifaidi. Sisi tuna ekari arobaini hivi, na si zote za kulima. Kuna malisho yanayorudiwa na vichaka kila mwaka, kuna njia ya kuingilia kutoka barabarani, kuna kisima kilicho mbali na nyumba. Tukaziandika kazi za mwaka mzima kwenye karatasi. Plau la diski tatu, kwa udongo wetu, linataka hosipawa 50 hadi 60. Mashine ya kufyekea yenye upana wa futi tano inaridhika na 30. Tanki la maji la lita 2,000 ni tani mbili za maji bila kuhesabu chombo chenyewe, mzigo usiohitaji ubingwa kwenye tambarare. Kulima ni wiki chache. Miezi iliyobaki ni kufyeka, maji, kuni na magunia. Kumbe tulikuwa tunataka mashine ya wiki chache, halafu tuilishe dizeli mwaka mzima. Tabia hiyo naiona kwa watu wengi wa umri wetu: mtu anajenga vyumba sita kijijini kwa ajili ya Krismasi, na siku za kawaida wanaishi humo wazee wawili na redio.

Anayedharau trekta dogo ningependa amjue Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini. Zamani plau lilikokotwa tu nyuma ya trekta. Likinasa kwenye kisiki, trekta liliweza kuinua pua na kumpindukia dereva, na waliokufa hivyo hawakuwa wachache. Ferguson alilishika plau kwa mikono mitatu yenye haidroliki, hata ule ukinzani wa udongo ukawa unayakandamiza magurudumu yakanyage vizuri. Trekta lake la TE20, lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, lilizidi tani moja kidogo tu, lakini lilifanya kazi iliyokuwa ikingoja mashine nzito. Mwaka 1958 mpanda milima Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini kwa matrekta hayo. Nchi iliyokuwa inaunda kitu kama hicho ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea vifaru Kongwa! Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada, ndiyo maana jina lake bado limo kwenye matrekta mekundu yanayolima Kibaigwa hadi leo, na ile mikono mitatu imo karibu kwenye kila trekta linalouzwa duniani, liwe jekundu au la kijani.

Wapo waliotushauri pawatila. Kwenye mabonde ya mpunga ya Mbarali au Kilombero nisingebisha. Kwa udongo wetu ulioanza kukauka, inamchosha anayeishika kuliko inavyolima.

Basi mama akachagua fundi kabla ya trekta. Akamwendea mzee mmoja wa gereji ya pale Kibaigwa, akamuuliza ni trekta gani anaweza kulifungua na kulifunga bila kupiga simu kwa mtu. "Massey, mama," akasema. "Hizo nimezeeka nazo." Kaka alinung'unika kidogo kuhusu mitumba, kisha akanyamaza. Tangu hapo tulitafuta Massey Ferguson, na fundi akatoa sharti moja: muuzaji asiambiwe saa ya kufika.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama yule mzee. Kwenye trekta la kwanza aliweka kiganja juu ya injini hata kabla ya salamu kuisha. "Hili limeshaamshwa," akaninong'oneza, akarudi kwenye pikipiki. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha shida yake ya kuwaka asubuhi. Na rangi mpya ilimtia shaka kuliko kutu. Lililofuata, aina ya 165, lilikuwa baridi na limechakaa waziwazi. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kwa vidole akitafuta weupe, maana weupe ni dalili ya maji. Akaliwasha, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akainama kuangalia kama linapumulia pale, maana ringi zikichoka moshi unapita hapo. Kisha akainua plau, akazima injini, akaomba maji ya kunywa. Sote tukasimama tunatazama plau linaning'inia. Alikunywa polepole, akaomba kikombe cha pili, na plau lilikuwa palepale: haidroliki haikuvuja. Akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa, likacheza. "Bushi," akasema. "Hizo zipo hadi Dodoma mjini." Muuzaji akaanza kumwonyesha mita ya saa za kazi. Fundi hakuigeukia. Alikuwa ameinama anatazama jinsi pedali ya klachi ilivyolika upande mmoja, akaniita: "Mita inarudishwa nyuma, mwanangu. Hii nani ataijaza?"

Tukalichukua, bei ikapungua kwa ajili ya bushi na klachi. Fedha iliyobaki ilitosha haro au tela, si vyote viwili. Kwa hesabu ya shamba, haro ndiyo ilistahili. Mama akataka tela. Alisema trekta likishafika kijijini watakuja wenye matofali ya zahanati, wenye mgonjwa usiku, wenye magunia ya kupeleka sokoni, wenye jeneza, na hao hutawaambia kwamba wewe umenunua la kulimia tu. Jirani ana haro lakini hana tela, wakaelewana: sisi tutaichukua haro wakati wa kupanda, yeye atachukua tela wakati wa mavuno.

Wakati tunaondoka mama alikuwa tayari ana daftari. Anayelimiwa analipa kwa ekari. Anayeazima tela anakuja na dizeli yake na dereva anapewa chakula. Msiba, bure. Kaka akamuuliza, na harusi je?

"Wa harusi wamechangisha hela," mama akasema, huku anaandika. "Walipe."