Ritifaa

Msomaji mwenzangu, kuna alama moja ndogo sana katika Kiswahili iliyonikosanisha na mtu niliyemheshimu. Ni ritifaa, ile tunayoiweka kwenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Shuleni ukiisahau ulikatwa maksi, basi. Mimi imenigharimu zaidi ya maksi.

Kundi letu la waandishi chipukizi liliamua kuwa na tovuti ya kupokelea hadithi. Kazi nikapewa mimi, eti ndiye mtaalamu wa kompyuta. Utaalamu wenyewe ulikuwa wa kudokoadokoa: baada ya kidato cha nne nilijifunza PHP kwa kunakili masomo ya bure, nusu naelewa, nusu naamini. Fomu ilipokamilika nikatamba kweli. Wiki ya kwanza zikaingia hadithi tisa. Wiki ya pili malalamiko yakaanza: mtu anabonyeza "Tuma", anapata ukurasa mweupe pe, hauna hata neno.

Nikaanza kupiga ramli. Nikasema hadithi ni ndefu mno. Nikatuma ya kurasa ishirini, ikaingia. Nikasema mtandao, nao ulikuwa mzima. Ajabu zaidi, hadithi ileile ilikataliwa ilipoandikwa moja kwa moja kwenye simu, ikakubaliwa iliponakiliwa kutoka Word. Hapo, jamani, nilibaki nimeduwaa.

Mwisho nikaichukua hadithi moja iliyokataliwa, nikaikata nusu. Nusu ya kwanza ikapita, ya pili ikagoma. Ile iliyogoma nikaikata tena, na tena, mpaka nikabaki na sentensi moja: mzee anamfunga ng'ombe. Kumbe ni ritifaa! Nikashangilia, halafu nikafanya upuuzi. Badala ya kuuliza kwa nini, nikabandika tangazo juu ya fomu: "Tafadhali usitumie alama hii." Watu wakatii. Ng'ombe wote wakawa ngombe.

Hakutii mmoja tu, dada wa Kisukuma ambaye jina lake linaanza na Ng'w. Nikamwandikia: "Dada, ondoa tu hicho kialama, itapita." Akanijibu: "Kaka, hilo ni jina la bibi yangu. Kama mashine yako hailitaki, basi na hadithi yangu isiitake."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikafungua faili la makosa la seva, ambalo sikuwahi kulifungua tangu nianze. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo toka siku ya kwanza: MySQL, kosa namba 1064, sentensi haieleweki.

Programu yangu ilikuwa ikichanganya amri yangu na maneno ya mwandishi katika sentensi moja, maneno yakifungwa kwa alama ileile, moja mwanzoni na moja mwishoni. MySQL ikifika kwenye ng'ombe inasoma "ng", inaona alama, inajua maneno yamekwisha. "Ombe" inabaki nje kama mgeni asiye na mwenyeji. Word huipinda ile alama ikawa herufi nyingine kabisa, ndiyo maana ilipenya. Na somo nililonakili lilikuwa la zamani, la enzi ambazo PHP iliweza kujiwekea yenyewe mkwaju wa kinyume mbele ya alama hiyo ili isilete ugomvi. Utaratibu huo uliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Mimi nilikuwa naishi kwa sheria iliyokwisha futwa.

Kibaya zaidi, mlango huohuo ungeweza kutumiwa na mwizi. Angefunga maneno kwa makusudi, kisha akachomeka ya kwake yasomwe kama amri. Hatari hiyo ilishaandikwa hadharani tangu 1998.

Dawa ilikuwa mistari michache tu. Amri inatangulia peke yake, ikiwa na alama za kuuliza mahali pa jina na hadithi. Maneno ya mwandishi yanafuata baadaye, na hata yakiwa na ritifaa mia, hifadhidata haiwezi kuyafanya amri. Kazi ya jioni moja, na mimi niliikwepa wiki tatu nikiwasahihisha watu badala ya programu.

Jaribio la kwanza niliandika jina la yule dada, na ritifaa yake. Likaingia. Nikamwandikia kumwomba radhi. Hadi leo hajajibu. Jina lake bado limo kwenye hifadhidata, mahali pa hadithi pako tupu. Sijalifuta.

Nawe unayejenga fomu yako, kabla hujaitangaza kwa watu, andika humo ng'ombe mmoja, ubonyeze "Tuma". Akikataa kuingia, usimlaumu ng'ombe.