Diski inaliwa usiku nikiwa nimelala

Najua nimepotea, mitihani ilinibana halafu nikaenda likizo nyumbani Mishamo, kule Katavi. Leo nina kisa cha laptopu yangu.

Hii laptopu ni mahindi na tumbaku ya mzee. Nilipochaguliwa chuo aliuza akanipa hela, nikainunua Kariakoo, mtumba, ina SSD ya GB 240. Tangu mwaka jana nimeiwekea BOINC, ile programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Berkeley, inayowakopesha wanasayansi nguvu ya kompyuta yako wakati huitumii. Kilichonivuta ni kusoma habari za MalariaControl, mradi wa Waswisi uliopiga hesabu za jinsi malaria inavyoenea. Sisi wa Mishamo hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini. Bahati mbaya ulifungwa mwaka 2016, kwa hiyo naendesha Einstein@Home, inayotafuta nyota za pulsa. Msinicheke.

Basi nikiwa nyumbani nikachungulia hali ya diski kwa smartctl. Uhai uliobaki: asilimia 83! Siku naiweka BOINC ilisoma 96. Jamani, nilihisi tumbo linakata.

SSD haina kisahani kinachozunguka. Ina vyumba vidogo vya kumbukumbu ambavyo vikifutwa na kuandikwa mara nyingi vinachoka. Mtengenezaji wa hii yangu anahesabu TB 80 za kuandika, basi. Sasa BOINC usipoigusa huruhusu kila kazi ihifadhi ilipofikia kila sekunde 60. Nina kazi 4 kwa mpigo, kwa saa 24 hiyo ni mara 5,760. Tuseme kila mara ni MB 5, tayari ni karibu GB 29 kwa siku. Nilipopima yangu ilikuwa 34.

Dawa ipo kwenye mipangilio: toa 60, weka 900, yaani dakika 15. Zile mara zinashuka hadi 384. Ila kwetu ni sola, na betri ya laptopu ilishakufa zamani, umeme ukikatika inazima hapo hapo. Kila kazi inarudi nyuma hadi dakika 15, zikiwa 4 umepoteza saa nzima ya hesabu. Siku moja ya mawingu ilizima mara tano. Nikaamua nyumbani 300, hapa hosteli 900.

Pia nikaziruhusu kazi zikisimamishwa zibaki kwenye RAM, zisianze tena kutoka pale zilipohifadhi mwisho. Hapo nusura niruke majivu nikanyage moto, maana RAM yangu ni GB 4 tu, ikijaa mashine inahamishia vitu kwenye diski ile ile ninayoiokoa! Nikapunguza kazi zikawa 2. Mwenzangu wa chumbani anasema hamishia folda yote kwenye flashi. Hapana, flashi inachoka haraka kuliko SSD. Labda diski ya zamani ya kuzunguka, bumu likitoka.

Sasa hivi inaandika GB 6 hivi kwa siku.

Jana usiku mzee kapiga simu. "Ile mashine bado nzima?" Nikamwambia nzima baba, asilimia 83. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza hizo 17 nimempa nani.