Jina Lenye Nyota

Ukisikia kompyuta inagonga kwa ndani mithili ya saa mbovu, izime mara moja, wala usiiwashe tena kwa kubahatisha. Ndani ya diski ngumu mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake pasipo kuzigusa, katika nafasi iliyo nyembamba mno kuliko unywele. Kikigusa, hukwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Chama chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Akiba za wanachama zilitunzwa kwa dBASE, programu iliyotungwa na Wayne Ratliff huko California katika miaka ya 1970 na kuenea maofisini katika miaka ya 1980. Diski ilipokufa, leja za zamani zilikwisha liwa na mchwa. Wakati huo huo mjane mmoja alikuwa akidai akiba ya marehemu mumewe, na kamati ilikwisha mjibu kwamba jina hilo halimo.

Fundi tuliyempata hakuwa na haraka. Alinakili kwanza diski nzima, akianza na sehemu nzima, kisha akarudia zenye ugonjwa, kidogo kidogo, kwa siku tatu. Kazi yote iliyofuata aliifanya juu ya nakala.

Hapo ukale ukatufaa. Faili la dBASE huanza na utangulizi unaotaja vipengele na urefu wake. Kisha mistari ya wanachama hufuatana kwa urefu ule ule, kwa herufi za kawaida, hata waweza kuisoma bila programu yenyewe. Tena aliyefutwa hafutiki: mstari wake hutiwa alama ya nyota tu, ukabaki pale pale mpaka itolewe amri ya kuyaondoa yaliyofutwa. Kwetu amri hiyo haikutolewa kamwe.

Jina la marehemu lilikuwapo, lina nyota, pamoja na akiba yake yote. Wajumbe wawili walidai kuwa nyota ni ushahidi kwamba alikwisha lipwa. Ati! Nyota husema mstari umefutwa, haisemi kwa nini. Likafunguliwa faili la malipo. Namba yake haikuonekana hata mara moja.

Mama yule alilipwa mwezi uliofuata. Siku hizi orodha huchapwa kila mwisho wa mwezi, na nakala moja huwekwa mbali na ofisi, ndani ya sanduku la bati.